Majira ya Baridi ya Boti ya Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa mpira wa maji. Karakana ilikuwa Matrah, nyuma ya gati, yenye paa la mabati na sakafu ya saruji iliyogeuka nyeusi kwa mafuta. Nilikwenda na kanzu nyeupe, kwa kuwa mama alinambia siku ya kwanza mtu avae vizuri. Fundi Mkuu, mtu mfupi aliyezaliwa Pemba, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza nimekuja kufanya kazi au kuposa. Mafundi wakacheka. Kisha akanikabidhi ule mpira.

"Boti ikirudi, unaiosha."

"Nje, Fundi?"

"Nje itaoshwa na mvua, mvua ikinyesha. Wewe unaosha ndani."

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine zinazowaambia kila kitu kwenye kioo, kwa hiyo nieleze kidogo. Injini ya boti haipozwi kwa upepo. Chini ya sakafu kuna bilula inayofungukia baharini. Maji ya bahari yanapanda hapo, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu yenye gurudumu la mpira, yanaingia kwenye kipoza ambamo yanachukua joto la injini, kisha yanazunguka bomba la moshi na kurudi baharini pamoja na moshi wenyewe. Injini ikizimwa, maji hayo yanabaki ndani. Joto la Maskati linayakausha, chumvi inaganda kwenye vijibomba, inakula chuma. Kwa hiyo tulifundishwa kwamba kila boti ikirudi isukumiwe maji matamu mpaka chumvi yote itoke, na maji hayo matamu yaachwe humo humo, yamejaa, pasiwe na nafasi ya hewa.

"Iache imeshiba," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Injini yenye njaa inaoza."

Nilishika mpira ule muda mrefu kabla ya kushika spana. Sikuona tabu. Nilikuwa na baba aliyenisomesha Kurani na fiqhi tangu utotoni Unguja, na mtu aliyezoea kukaa chini ya mwalimu anajua kwamba mengine yanakuja yakitaka kuja.

Kutoka hapo nilihamishiwa kwenye boti za marubani, wale wanaokwenda kuzipokea meli kubwa nje ya bandari. Msimamizi wetu alikuwa Mbaluchi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye alichukia thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya injini yasizunguke mpaka yapate moto. "Maskati nani anahitaji kupasha moto?" alikuwa akiuliza, na kila injini mpya ikifika aliing'oa akaitupa kwenye ndoo. Ndoo ilijaa. Sikubaliani naye sasa, lakini nataja jambo hili mpate kuelewa tulivyofikiri. Adui zetu walikuwa wawili, joto na chumvi. Baridi tuliijua kwenye friji.

Nilipopandishwa cheo nikapelekwa kwenye idara moja iliyokuwa na ofisi zake Al Khuwair. Mkurugenzi alikuwa kijana kuliko mimi, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana alikuwa haoni haya kuuliza. Kazi aliyokuwa nayo moyoni ilikuwa moja. Kaskazini mwa nchi yetu, Musandam, viko vijiji ambako milima imeshuka mpaka baharini, hakuna barabara, na mgonjwa anatolewa kwa mashua ya kuvulia samaki, analala juu ya nyavu. Mkurugenzi alitaka boti ya wagonjwa, yenye kitanda na hewa ya oksijeni. Baada ya kuomba kwa miaka, alikubaliwa moja. Ilipatikana iliyotumika, nzuri, huko Norwe.

Aliniita ofisini. "Maalim Masoud," alisema, kwani ndivyo alivyoniita, "nnakutuma mahali pa baridi. Utakwenda na Nahodha Seif na Abdalla. Muikague, muipokee, muilete."

"Inshallah."

"Na unisikilize vizuri. Hakuna boti ya pili. Hii ikiharibika, watu wa vile vijiji watangoja tena, na wameshangoja sana."

Maneno hayo niliyabeba safari nzima kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

Nahodha Seif alikuwa amenizidi umri, mtu wa Bustan, mrefu, aliyevaa kilemba chake hata ndani ya chumba cha injini. Alikuwa mkali wa dini juu ya nafsi yake kuliko juu ya wengine. Abdalla alikuwa fundi mwenzangu, tumekua pamoja karakanani, na mikono yake ilikuwa hodari kama ulimi wake. Kukaa naye kimya kulikuwa hakuwezekani.

Tuliikuta boti imefungwa gatini mwisho wa ghuba ndefu iliyoingia baina ya milima, karibu na pale mto unapomwaga maji yake. Nilipotazama ile milima nilisema kumbe Mungu ameumba Musandam ya pili akaifunika theluji. Boti ilikuwa safi. Tuliijaribu ikaenda vizuri. Lakini meli ya mizigo iliyokuwa ituchukulie boti yetu ilikosa nafasi, na nafasi nyingine ilikuwa mpaka majira ya kuchipua majani. Nchi kavu karakana ya pale ilikuwa imejaa mashua za wenyeji, zimepandishwa na kufunikwa. Ikawa boti ya wagonjwa itapitisha majira ya baridi ndani ya maji, na sisi tukae nayo.

Tukafanya tulivyojua. Baada ya kuijaribu kwa mara ya mwisho, Abdalla alivuta mpira gatini, tukaisukumia maji matamu mpaka tukaridhika, tukafunga bilula, tukaiacha imeshiba.

Siku chache baadaye mlinzi wa gati alikuja kututembelea. Alikuwa mzee wa Kinorwe, mvuvi wa zamani, mwenye Kiingereza kidogo kama changu, hivyo tulielewana vizuri. Aliuona ule mpira umelala gatini akauliza tulikuwa tukifanya nini nao. Nikamweleza, kwa fahari kidogo nadhani. Uso wake ukabadilika.

"Mmeijaza maji matamu? Mkaiacha?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya chumvi."

Akakaa kwenye ngazi. Akatueleza polepole, kama anavyoelezwa mtu habari ya msiba. Maji yakiganda yanatanuka. Yakiwa ndani ya chuma, hayaulizi chuma kama kina nafasi, yanakipasua. Maji ya chumvi yanachelewa kuganda, lakini matamu yanatangulia. Na baridi kali ilikuwa imetangazwa kwenye redio, inakuja kabla ya sikukuu yao kwisha.

Abdalla alinitazama. "Masoud, kwa hiyo tumeipenda mpaka tumeiua?"

"Bado haijafa," nilisema. "Lete spana."

Tukaanza kuyatoa. Kila mahali penye maji pana kizibo cha chini cha kuyamwagia. Tulifungua cha kipoza, cha pampu, tukalitoa lile gurudumu la mpira, tukamwaga chujio. Kilibaki kizibo kimoja, cha chini ya koti la maji linalozunguka bomba la moshi. Kilikuwa kimeshikwa na kutu, kimekuwa kitu kimoja na chuma. Abdalla alitia mafuta, akagonga, akavuta kwa bomba refu mpaka nikamzuia. Kikikatika pale, au koti likipasuka, kazi tuliyokuwa tukiiogopea baridi tungekuwa tumeifanya wenyewe kwa mikono. Na humo ndani mlikuwa na maji matamu, hayana pa kutokea.

Mtu atasema, basi ungetafuta dawa ya kuzuia kuganda, ile inayouzwa kwenye madumu, ukaisukuma kote. Tuliitafuta. Duka la mji lilikuwa limekwisha kuuza yote, maana wenyeji walinunua mapema, na mwenye duka alikuwa amefunga kwa sikukuu. Mtu atasema, wekeni hita. Mlinzi wa gati alitukatalia umeme wake. Nyaya za gati zilikuwa kuukuu, na mashua moja ilikwisha kuungua pale kwa hita iliyoachwa. Mtu atasema, basi vuteni maji ya bahari yachukue nafasi ya yale matamu. Nilichota nikaonja. Mwisho wa ile ghuba, juu, palikuwa maji ya mto matupu, na tayari barafu nyembamba kama karatasi ilianza kutanda.

Mlinzi akaondoka, akarudi na dumu la plastiki. Alipolifungua, harufu ikatufika kabla ya maneno yake. Ilikuwa pombe, amechemsha mwenyewe nyumbani, kali ya kuwasha taa. Alituambia kwamba wavuvi wa pale, wakikosa dawa, humimina hiyo. Haigandi. Alitupa bure, na Mungu amlipe kwa nia yake, maana nia yake ilikuwa njema tupu.

Tukasimama sote watatu tunalitazama lile dumu.

Abdalla ndiye aliyeanza. "Nahodha, injini haina dini."

"Haina," alisema Nahodha Seif. "Mimi nnayo."

"Basi wewe kaa juu, soma Kurani yako. Mimi ntaimimina. Ukishuka, nshakosha mikono."

"Na nikikuuliza umetia nini, utanambia nini?"

"Ntakwambia dharura."

"Dharura ni pale njia zilipokwisha. Wewe umetafuta njia ngapi? Umeliona dumu, umesimama."

"Nahodha wangu, baridi inakuja! Hakuna boti ya pili. Mkurugenzi kasema au hakusema?"

"Kasema. Nami nasema hii haitiwi kwenye boti ya wagonjwa."

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa wote wawili walijua nimesoma. Nami niseme kweli, nilikuwa nimesoma vya kutosha kuona kwamba Abdalla hakusema upuuzi. Kitu kikiwa hakinywewi, na shida ikiwa shida kweli, wako wanavyuoni waliofungua mlango. Lakini nahodha ndiye mkubwa wa chombo, na alikuwa hakusema kwa hasira. Nikawaza juu ya yale aliyosema, kwamba hatujatafuta.

"Mzee," nilimuuliza mlinzi, "hapa njiani mnamwaga nini watu wasiteleze?"

Alinionyesha sanduku kubwa la rangi ya manjano pembeni mwa barabara. Ndani mlikuwa na chumvi, chumvi ya mawe, imechanganyika na mchanga. Akasema tuchukue tutakavyo.

Abdalla alipofahamu ninachokitaka, alishika kichwa. "Yaani maisha yetu yote tunaitoa chumvi kwenye injini, leo tuitie kwa mikono yetu? Masoud! Fundi Mkuu akitusikia atatufukuza kazi, na yuko kaburini."

"Siku chache tu," nilisema. "Mpaka duka lifunguliwe. Kinacholiwa na chumvi kinaliwa polepole. Kinachopasuka kimepasuka."

Tulibeba ile chumvi kwa ndoo mpaka jikoni mwa mlinzi, tukaikoroga kwenye maji ya moto. Swali likawa chumvi kiasi gani. Kama ni kidogo, maji yangeganda vile vile. Hapo nilimkumbuka mama, Mungu amrehemu, alivyokuwa akipima maji ya kutilia ndimu za achari. Nikamwomba mlinzi yai. Tulilitia ndani likazama. Tukaongeza chumvi, tukakoroga, tukaongeza, mpaka yai likapanda likaelea, likatoa kichwa juu ya maji. Abdalla akasema ana hakika sisi ndio mafundi wa kwanza duniani kutengeneza injini kwa yai.

Ikabaki mchanga. Mchanga ukiingia kwenye pampu unalichana gurudumu la mpira. Chujio la jikoni lilikuwa na matundu makubwa. Tulikuwa tukitafuta kitambaa, na matambara ya karakana yote yalikuwa ya mafuta, ndipo Nahodha Seif alipovua kilemba. Kilikuwa kilemba cha pamba safi, chenye taraza ya uzi ukingoni, alichonunuliwa na mkewe kwa ajili ya kurudi nyumbani. Alikikunjua akakitandaza juu ya ndoo.

"Nahodha, hicho hakitafulika," nilimwambia.

"Miminia," alisema.

Tulimimina. Mchanga ukabaki juu ya kilemba, maji ya chumvi yakashuka safi. Mlinzi alisimama mlangoni anatazama, na sidhani kama alielewa, lakini alivua kofia.

Kabla ya kuitia, tuliweka vikombe viwili juu ya sitaha, kimoja cha maji matamu na kimoja cha yetu, tukaswali laasiri. Siku za huko ni fupi, swala zinafuatana. Tulipotoka, kikombe cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuwa kigumu juu, ukikigonga kinalia. Cha pili kilitikisika kama kawaida. Nahodha Seif alisema alhamdulillahi, akarudia mara nyingine kwa sauti ya chini.

Tulirudisha gurudumu la mpira na vile vizibo vilivyofunguka. Bilula ya chini ilibaki imefungwa. Tuliuchovya mpira wa pampu kwenye ndoo, nikawasha injini, ikanywa ndoo baada ya ndoo. Abdalla alikuwa nje, amelala kifudifudi juu ya gati, mkono chini ya bomba la moshi.

"Bado!" alipiga kelele. "Matamu! Matamu bado!"

"Unajuaje?"

"Naonja, nifanyeje! Masizi haya si chai!" Kisha akaonja tena. "Chumvi! Masoud, chumvi! Wallahi kama papa mkavu!"

Nikazima. Maji ya chumvi yalikuwa yamezunguka kote, na yale matamu ya ndani ya koti yametolewa nje na mazito yaliyoingia.

Mlinzi akatukumbusha jambo moja, na hili vijana mlishike, kwa kuwa linazamisha boti zilizo majini kuliko injini yenyewe. Bilula ya chini ina tundu katikati ya jiwe lake, lile tufe la chuma linalozunguka ndani. Ukiifunga, maji kidogo yanafungiwa humo ndani ya tundu. Yakiganda, bilula inapasuka, na hujui, kwa sababu barafu yenyewe ndiyo iliyoziba. Majira yakibadilika, barafu inayeyuka, bahari inaingia, boti inakwenda chini siku ya jua zuri. Alitufundisha kumimina maji ya chumvi juu yake, kisha kuizungusha nusu na kuirudisha, mpaka yale mazito yashuke yakae humo.

Baridi ikaja. Sijui niieleze vipi kwa watu wa kwetu Sib. Ghuba ilinyamaza, hata mawimbi madogo hayakuwepo, na boti yetu ikasimama katikati ya uwanja mweupe kama imepandwa. Kila asubuhi tuliipasua barafu iliyouzunguka ubavu wake, tukashuka kwenye chumba cha injini, nikapitisha tochi na kidole kwenye kila kiungo kutafuta ufa. Abdalla hakufanya mzaha akiwa chini kule. Tulikuwa tukiwafikiria watu ambao hatujawaona, wamelala juu ya nyavu.

Duka lilipofunguliwa tulinunua dawa yenyewe, ile ya aina isiyodhuru samaki. Tuliitoa chumvi yote kwa maji ya vuguvugu, tukaisukuma dawa papo hapo mpaka ikatoka na moshi. Kile kizibo chenye kutu kililegea mwishowe, baada ya kulishwa mafuta siku nyingi na kupashwa moto kidogo kidogo. Nilitia kioo na tochi ndani ya koti. Ukuta ulikuwa mzima. Ndani ya kipoza, kile kipande cha zinki kinachowekwa makusudi kiliwe na chumvi badala ya injini kilikuwa kimekwisha, kimebaki kama kijiti cha kiberiti. Chumvi ilikula haki yake ikaishia hapo.

Kati ya majira yale na kufika kwetu Maskati sina mengi ya kueleza. Meli ilikuja, boti ikapandishwa, tukarudi. Mkurugenzi alikuja mwenyewe bandarini, akaweka mkono juu ya injini kama mtu anayempima mtoto homa.

Lakini Abdalla alikuwa Abdalla. Kisa cha yai na kilemba na dumu alikieleza kila palipomiminwa kahawa, Sib na Matrah, na kila akikieleza kilinoga zaidi. Kisa kikapanda magari, kikapanda mashua, kikafika kaskazini kabla yetu. Na njiani kilibadilika.

Safari ya kwanza tuliitwa na kijiji kilicho ndani ya kona ya mlima. Mwanamke mja mzito alikuwa hali mbaya. Nahodha Seif alikuwa usukani, mimi kwenye injini, na muuguzi wetu alikuwa Sista Mueni, Mkenya, dada mwenye heshima na haraka. Watu wa kijiji waliteremka na mgonjwa mpaka ukingoni, amebebwa kwenye mkeka. Hapo mama yake, bibi mkongwe mwenye barakoa usoni, akasimama mbele ya mkeka akanyoosha mikono.

"Hapandi."

Wanawe walimsihi. Hakusikia. Alisema kwa Kiarabu cha kule kwamba amesikia boti hii imenyweshwa ulevi kwa Wazungu, na binti yake, akiwa baina ya uhai na mauti, hatamlaza juu yake. Bora nyavu.

Sista Mueni alimgeukia Nahodha. "Kapteni, huyu mama hawezi ngoja. Presha imepanda sana. Tafadhali, ongea na mamake."

Nahodha Seif alishuka kutoka usukani. Alisimama mbele ya yule bibi, ameinamisha macho kwa adabu.

"Mama, umesikia kweli na uongo pamoja. Ililetewa. Haikunywa."

"Nani aliizuia?"

"Mimi."

"Unaapa?"

"Wallahi, mama. Haikuingia hata tone. Nilikuwapo."

Bibi alimtazama. Sijui aliona nini. Akasogea pembeni, akashika ncha ya mkeka yeye mwenyewe, na binti yake akapandishwa. Nikawasha injini. Alijifungua hospitalini, mvulana, na mwenyewe akapona, alhamdulillahi. Nilipokuwa nasikiliza injini ile njiani, nilikuwa nikijiuliza Nahodha angemjibu nini bibi yule kama siku ile tungemsikiliza Abdalla. Nahodha hakuwa mtu wa kuapa uongo. Yule binti angelazwa juu ya nyavu.

Boti ilifanya kazi miaka mingi. Nahodha Seif alistaafu kwanza, mimi nikafuata. Nnakaa Sib, karibu na msikiti, na wanaoniuliza habari za injini nawajibu. Siku hizi vijana wetu wako kila mahali, na wapo walio na boti zao huko kwenye baridi, wananipigia simu. Nawaambia yale yale. Wasiiache imeshiba maji matamu. Watafute kila kizibo mapema, kabla hakijashika kutu. Bilula ya chini wasiisahau. Dawa wainunue kabla ya sikukuu za watu.

Elimu ya dini sikuiacha pia. Mwaka jana nilikaa na sheikh mmoja hapa Sib, nikamuuliza juu ya lile dumu. Alifungua vitabu, akanisomea, akasema kwamba kwa hali niliyoieleza tungeruhusiwa. Nilikuwa nikidhani hivyo siku zote, lakini kulisikia ni jambo jingine. Ijumaa ile ile nilimwomba mwanangu anipeleke Bustan.

Nahodha Seif amekonda, anatembea kwa mkongojo, lakini kilemba bado kakifunga mwenyewe. Tulikaa ukumbini, tende na kahawa mbele yetu. Nilimweleza alivyosema sheikh. Nilidhani atashituka, au atabisha.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua, Nahodha? Siku ile ile?"

"Masoud, nawe unadhani umesoma peke yako? Ruhusa ilikuwamo kitabuni. Nilijua. Lakini boti ile hawakuipanda wenye vitabu." Alitafuta pumzi. "Nilijua yuko mtu ataniuliza. Simjui nani, simjui wapi. Nikataka nikiulizwa niwe na jibu fupi."

Aliinua birika kwa mikono miwili, akanijazia kikombe, akaniuliza wale vijana wa sasa wanaiosha vipi injini mpya.